Mshika Chuma

"Juu kidogo," Fundi alisema, na nyundo ikashuka.

Mlio uliotoka haukuwa wa kazi. Bati linaponyooshwa sawasawa hutoa mlio mfupi na mkavu, kama wa mtu anayegonga meza mara moja ili asikilizwe. Huu ulikuwa mlio wa debe tupu.

"Juu, shemeji. Nilisema juu."

"Niko juu," Breki akajibu kutoka chini ya madigadi ya basi dogo la shule, ambako yalionekana magoti yake na kiatu kimoja. "Wewe ndiye uko chini."

Fundi hakubishana. Alisubiri chuma kisogee, akakisikia kikikwaruza upande wa pili wa bati, akapiga tena. Debe tupu.

Katika gereji ile hapakuwa na msaidizi. Aliyekuwepo alikwenda kufungua gereji yake mtaa wa pili, na Fundi hakuona sababu ya kumfundisha mshindani mwingine. Kwa hiyo akaweka utaratibu kwamba mwenye gari ndiye anayeshika chuma. Chuma chenyewe ni kipande kizito, kikubwa kama mkate, kilicholainishwa upande mmoja. Mshikaji hukiweka nyuma ya bati, Fundi hupiga kwa mbele, na bati lililobonyea hurudi mahali pake katikati ya viwili hivyo. Mshikaji haioni nyundo. Hufuata mlio, nyundo ikihama, naye anahama. Mwanzoni wateja walilalamika kwamba wamekuja kulipa, hawakuja kufanya kibarua, lakini Fundi aliwapa wote jibu moja kwa sauti yake ya chini: "Gari lako, chuma chako." Wakazoea. Wapo hata waliojisifu kwa majirani kwamba magari yao wameyanyoosha wenyewe.

Waliokuwa wakingoja zamu walikaa kwenye kiti kirefu kilichong'olewa katika basi bovu na kuegeshwa ukutani, chini ya kivuli cha bati. Kiti hicho kiliitwa Bunge. Siku hiyo kilikuwa na wajumbe watatu. Mwalimu mstaafu alikuwa amekuja na gari lililobonyea mlango. Afande wa usalama barabarani, aliyekuwa mapumzikoni na amevaa shati la maua, alikuwa na gari lake mwenyewe lililopasuka bampa la nyuma. Wa tatu ni Mama Baa, ambaye hakuwa na gari kabisa. Baa yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na asubuhi, kabla wateja hawajaamka, alikuja kukaa Bungeni kwa sababu huko ndiko wateja wake walikokuwa.

Hilo halikuwa siri. Miaka yote Jumatatu ilikuwa siku ya mavuno pale gereji. Magari ya Jumamosi usiku yalipanga foleni mpaka barabarani, kila moja na hadithi yake: huyu kagongwa na ukuta, yule kavamiwa na nguzo. Kisha ikaja sheria mpya ya ulevi barabarani. Ukikamatwa mara ya kwanza, leseni inachukuliwa. Mara ya pili, jela. Tangu hapo foleni ya Jumatatu ilikuwa imekonda, na Fundi, ambaye hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu wala kitu, alikuwa ameanza kuwaza kimoyomoyo kwamba labda walioitunga walikaza nati kupita kiasi.

Basi la shule liliingia asubuhi hiyo likiwa limebeba taa yake ya kushoto kwa waya, kama jino linalongoja kung'oka. Breki alikuwa ameshusha watoto salama, akageuza gari, akagonga nguzo ya geti la shule. Mwenye shule alikuwa safarini, angerudi jioni. Watoto walitoka saa nane mchana. Breki alitaka madigadi inyooke, taa irudi, na basi liwe mbele ya geti saa nane kama vile hakuna kilichotokea.

"Nguzo wataiona," Fundi alikuwa amemwambia.

"Nguzo haina mdomo, shemeji."

Breki alikuwa mdogo wake mke wa Fundi. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa kondakta, kwa sababu ndilo neno alilokuwa akimpigia dereva kelele zaidi ya yote. Baadaye yeye mwenyewe akawa dereva na hakukuwa tena na wa kumkumbusha. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na watoto walimpenda. Binti wa mwisho wa Fundi, wa darasa la pili, alikuwa na kiti chake maalumu katika basi hilo, cha mbele kushoto, kando ya mjomba.

Fundi alisimama kidogo kupumzisha mkono. Hapo ndipo alipoingia msichana mwenye kizibao cha njano, viatu vimejaa vumbi na simu mkononi. Mgongoni pa kizibao palikuwa na maandishi makubwa: MAONI YAKO NDIYO SHERIA.

"Habari za kazi, wazee wangu. Tunakusanya maoni kuhusu sheria ya ulevi barabarani. Swali ni moja tu. Sheria ni kali mno, inatosha, au ni legevu? Halafu sababu kwa kifupi. Kwa kifupi kweli, maana simu hii haipokei maneno mengi."

Bunge likajipanga vizuri kwenye kiti.

"Nianze mimi, nina kazi," Mama Baa alisema, ingawa hakuonyesha dalili ya kuondoka. "Weka kali mno. Sababu andika hivi: sheria ianzie mbali na baa. Mtu akitoka kwangu apewe nafasi afike hata barabara kubwa, huko wamngoje. Sasa hivi wanangoja mlangoni kama wadai. Mteja anakunywa huku anachungulia dirishani. Hata soda yenyewe inamkwama kooni."

"Sheria ianzie mbali na baa," msichana alisoma alichoandika. "Mbali kiasi gani, mama?"

"Mpaka nisione."

"Asante. Na wewe, kaka?"

Afande alikohoa. "Mimi ni mtumishi wa serikali. Sina maoni."

"Nikuruke?"

"Subiri. Kama mtumishi sina. Kama raia, weka kali mno. Dada yangu, unaijua kazi ya kumwandikia mlevi mmoja? Karatasi hii, karatasi ile, kituoni, mahakamani, unarudishwa kwa sababu umekosea tarehe. Zamani mambo yalikuwa ya kibinadamu. Unamsimamisha mtu, mnaongea, mnaelewana, kila mmoja anakwenda kwake."

"Mnaelewana kwa lugha gani, Afande?" Mwalimu akauliza.

"Kwa lugha ya upole, Mwalimu."

"Nimewahi kuongea lugha hiyo. Ni ghali."

Mama Baa alicheka mpaka akajipangusa macho. Msichana aliuliza kama aandike "upole", Afande akasema aache wazi.

Mwalimu alikunja gazeti lake, akaliweka gotini, akaongea kama mtu aliyezoea kusubiri darasa litulie. "Kosa la sheria hii, binti yangu, ni kwamba haichagui. Inamweka mnywaji na mlevi kapu moja. Kuna mtu anayekunywa kwa utaratibu, glasi yake, mazungumzo yake, anaondoka. Na kuna hawa wengine. Sheria ingetazama mtu ni nani kabla ya kutazama amekunywa nini. Weka kali mno."

"Kwako wewe au kwa hao wengine, babu?"

"Kwangu kali mno. Kwa wengine, legevu."

"Simu inataka moja."

"Basi weka yangu."

"Na ule mlango wako, Mwalimu," Mama Baa alisema, akilitazama gari la Mwalimu lililoegeshwa pembeni, "uliubonyeza kwa utaratibu?"

"Niligongwa."

"Na nani?"

"Na mti."

"Ulipimwa huo mti? Maana ukipatikana na kilevi ni haki yako kuushtaki."

Kicheko kilitoka hata chini ya madigadi. "Dada wa maoni," Breki aliita, bila kutoka, "niandike na mimi. Kali mno, mara mbili."

"Hairuhusu mara mbili, kaka."

"Basi andika kwa herufi kubwa. Walinichukulia leseni miezi mitatu kwa bia ambazo hata ladha yake sikuisikia. Miezi mitatu nakula kwa dada yangu kama mtoto wa kufikia. Muulize Fundi hapo."

Ilikuwa kweli. Mke wa Fundi alimlisha ndugu yake kwa miezi hiyo yote, na kila alipopakua aliisema sheria, mpaka Fundi akawa anaijua kwa vifungu. Nyumbani kwao jambo hilo lilikuwa limekwisha kujadiliwa na kupitishwa: sheria ni kali mno, na mwenye maoni tofauti ajipakulie mwenyewe.

"Na wewe, Fundi?" msichana akauliza.

"Nimalize hapa kwanza," Fundi alisema. "Shemeji, tuendelee. Shuka chini kidogo, kwenye mkunjo."

Alipiga. Mlio haukuja kabisa, maana bati liliingia ndani zaidi. Alihamia pembeni, akapiga kwa wepesi, na chuma kikasikika kikigonga mahali pengine, mbali kabisa na nyundo, kama mtu anayeitikia jina la mwenzake. Fundi akasimama. Breki hakuwa mgeni wa kazi ile. Alishaleta magari pale mara nyingi, na katika wateja wote hakuna aliyefuata nyundo vizuri kama yeye. Mkono wake ulikuwa ukifika kabla ya nyundo.

"Ulilala, shemeji?"

"Nimelala kama mfalme."

"Umekula?"

"Nina pipi." Kweli, harufu ya mnanaa ilikuwa inatoka chini ya madigadi, kali kuliko pipi moja inavyoweza kutoa.

"Shika kwa mikono miwili."

Breki alishika kwa mikono miwili. Fundi alipiga mara moja, taratibu, na chuma kikamtoka Breki, kikaanguka juu ya kiatu chake. Kwanza alicheka. Alicheka vizuri, kicheko kizima, na kilipokwisha ndipo maumivu yalipofika, akatoka chini ya gari akirukaruka kwa mguu mmoja huku ameshikilia taa isije ikadondoka. Macho yake yalikuwa mekundu na yenye furaha.

Mwalimu alifungua gazeti. Afande alikuta kitu cha kuangalia kwenye kifungo cha shati lake. Mama Baa ndiye aliyesema, tena akimwambia msichana wa maoni, kana kwamba ndiye aliyeuliza.

"Alipita kwangu baada ya kugonga. Alikuwa anatetemeka, maskini. Nikampa kidogo cha kumtuliza."

"Na kabla ya kugonga?" Fundi aliuliza.

"Kabla ya kugonga nilikuwa sijafungua."

Wakasubiri.

"Alipitia mlango wa nyuma," Mama Baa akasema.

Fundi aliitazama madigadi. Mbonyeo ulianzia kwenye taa, ukaingia ndani, ukakomea hatua moja kutoka kwenye kiti cha mbele kushoto. Alikuwa ameuona tangu asubuhi, lakini aliuona kama kazi. Sasa aliuangalia tena bila haraka, kutoka mwanzo mpaka ulipoishia, akaweka nyundo mezani, akaenda kuchukua jeki.

"Jeki ya nini?" Breki akauliza.

"Nitoe tairi."

"Madigadi iko nje, tairi linahusu nini?"

"Nione kwa ndani. Huenda chuma kinachoshikilia tairi kimepinda."

"Hakijapinda."

"Huenda. Ndiyo nione."

Jeki ilipanda. Fundi alilegeza nati moja baada ya nyingine, bila haraka, akizipanga kwenye kifuniko cha bati kama anayepanga vikombe. Alitoa tairi, akaliviringisha mpaka nyuma ya gereji, akaliegemeza huko. Halafu akaweka gogo chini ya gari, akashusha jeki, na basi la shule likakaa juu ya gogo likiwa limeinamisha kichwa.

Breki hakuwa mlevi wa kushindwa kuhesabu magurudumu. "Shemeji," alisema polepole, "saa nane nitafikaje?"

"Hapana haraka. Tuone kwanza."

"Unataka nifukuzwe kazi."

Fundi alilisukuma gogo kwa mguu, kuona kama limekaa. Hakutaka shemeji yake afukuzwe kazi. Hakutaka apelekwe jela pia, na akikamatwa tena mwezi huo au mwaka huo, ingekuwa jela, kila mtu pale alilijua hilo. Alichokitaka kilikuwa kidogo sana: basi lile lisiende shuleni saa nane. Kwa hilo hakuwa na maoni, alikuwa na spana tu.

Breki alichechemea mpaka kwenye ukuta, akatoa simu. "Dada. Mumeo ananifungulia gari lote. Ndiyo. Vipandevipande. Njoo uone mwenyewe."

Bungeni, Mwalimu alishusha gazeti. "Afande, wewe huoni?"

"Naona."

"Basi?"

"Leo nimepumzika, Mwalimu. Na kifaa cha kupulizia kiko kituoni, betri imekufa tangu mwezi uliopita. Bila kifaa, mimi nitasema nini? Kwamba mtu amecheka alipoangukiwa na chuma? Hakuna kifungu hicho." Alishusha sauti. "Isitoshe, huyu ni mtu wetu."

"Njia ya shule anaijua hata akifumba macho," Mama Baa alisema. "Ni mabonde mawili na ule mzunguko. Gari lenyewe limeizoea."

"Geti pia lilikuwa limelizoea," Mwalimu akasema. Halafu akakumbuka jambo, na kukumbuka kwenyewe kulionekana usoni. "Mjukuu wangu anapanda basi hili."

Afande alirudi kwenye kifungo chake.

"Binti," alimwambia msichana wa maoni, "naomba nibadilishe jibu langu."

"Jibu likishatumwa halirudi, babu."

"Hata neno moja?"

"Halirudi. Ila kuna awamu ya pili ya maoni, mwakani."

"Mwakani," Mwalimu alirudia. Alitazama saa yake, akatazama lile gogo chini ya basi, akasogea ukingoni mwa kiti.

Mke wa Fundi aliingia akiwa bado na povu la sabuni kwenye viwiko. Alikuwa ameacha nguo kwenye beseni na kuja kwa miguu, na maneno aliyoyapanga njiani alianza kuyatoa kabla hajafika kivulini.

"Baba watoto, hivi wewe umekosa gari la kufungua mji mzima mpaka ufungue la ndugu yangu? Kazi yenyewe kaipata juzi. Miezi mitatu nimemlisha mimi, si wewe, wewe ulikuwa unakula naye tu. Rudisha hilo tairi."

"Karibu, mama watoto," Fundi alisema.

"Sijaja kukaribishwa. Nati ziko wapi?"

"Ziko hapa. Nitarudisha. Ila kuna sehemu moja ya madigadi imenishinda, nipige mara mbili tatu uone. Shemeji, njoo ushike chuma."

"Nimeumia mguu."

"Hushiki kwa mguu."

Breki alimtazama dada yake, akaona ameshika kiuno, akaona kwamba njia ya kurudishiwa tairi inapitia pale. Akainama, akaingiza mkono na chuma nyuma ya bati.

Fundi alipiga. Debe tupu. Alihama kidogo upande wa kulia, akapiga. Debe tupu, na mbali kule chuma kikaitika kwa kuchelewa. Akapiga mara ya tatu.

Mkewe alikuwa ameshika chuma hicho miaka yote ya mwanzo, kabla gereji haijawa na wateja wa kubebeshwa kazi. Alishika akiwa bibi harusi, alishika akiwa na mimba, alishika mtoto mkubwa amelala mgongoni. Mlio ule aliujua kuliko sauti ya mumewe. Alisimama vilevile, mkono kiunoni, lakini uso wake ulikuwa umeacha kugomba. Akaenda mpaka kwenye madigadi, akainama, akamtazama ndugu yake kule chini kwa muda. Harufu ya mnanaa ilimfika. Na iliyokuwa chini ya mnanaa ilimfika pia.

"Umekunywa tangu saa ngapi?" aliuliza taratibu.

"Dada, kidogo tu. Cha kutoa ukungu."

"Na ulimpakia mwanangu na ukungu huo."

"Nilimfikisha. Muulize. Nilimfikisha akiwa anaimba."

Aliinuka. Alitazama lile eneo la bati lililoingia ndani, na kiti cha mbele kilichokuwa karibu nalo, kile chenye kijimto cha kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe ili mtoto aione barabara. Akafungua mkoba wake, akachukua kifuniko chenye nati, akazimimina zote ndani. Zililia kama sarafu. Akafunga zipu.

"Dada," Breki alisema, "hizo ni nati za serikali ya shule."

"Watazikuta kwangu."

"Nitafukuzwa."

"Huenda," alisema, akiubana mkoba kwapani. "Huenda ukafukuzwa, ukaja kula kwangu tena, nami nitapakua na nitaongea mpaka masikio yakuume. Lakini leo huendi popote." Akamgeukia mumewe. "Na wewe. Ungeweza kuniambia kwa mdomo."

"Ungekubali?"

Alifikiri. "Hapana," alisema, na hilo likamkasirisha zaidi. "Naenda kumchukua mtoto kwa miguu. Wote nitawachukua. Walimu watanisaidia kuwapanga mstari."

"Twende wote," Mwalimu alisema, akiwa ameshasimama.

Afande alisimama pia, akanyoosha shati lake la maua. "Kuna ule mzunguko. Magari hayasimami pale. Nitawavusha." Akawaza. "Kama raia."

"Mama," msichana wa maoni akasema, akiwa amemfuata mke wa Fundi mpaka mlangoni kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyotumwa, "samahani. Sheria ya ulevi barabarani ni kali mno, inatosha, au ni legevu?"

Mke wa Fundi alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Niulize nikirudi," alisema, akatoka, nati zikilia mkobani kila alipopiga hatua.

Mama Baa aliwaangalia wakishika njia ya shule, yule wa sabuni mbele, Mwalimu nyuma yake na gazeti kwapani, Afande akikimbia kidogo ili awafikie. "Watoto watasikia kiu, jua lote hili," alisema. Alivuka barabara kurudi kwenye baa yake, na baada ya muda alionekana akitoa nje kreti ya soda na kuiweka kivulini, upande wa mlango wa mbele.

Walibaki Fundi, Breki, na msichana. Breki alipanda kwenye basi, akakaa nyuma ya usukani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipomfaa. Gari lilikuwa limeinama kushoto, naye akainama nalo. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akautazama ukuta wa gereji kwa makini sana, kama barabara yenye kona. Punde kidogo akalala.

Msichana alikaa Bungeni peke yake, akavua kiatu kimoja, akakung'uta vumbi. Alitazama simu yake. "Mtaa huu nimemaliza," alisema. "Wanne kwa wanne. Asilimia mia, kali mno. Jioni watatangaza redioni."

"Na mimi je?"

"Wewe hujajibu, Fundi. Sasa ungewaharibia asilimia yao."

Fundi alifikiri. Aliwaza foleni za Jumatatu zilizokonda, na kile alichokuwa anakisema kimoyomoyo asubuhi ile ile, kabla nyundo haijaanza kulia vibaya. Hakuona kwamba asubuhi alikuwa mjinga. Aliona tu kwamba alikuwa anafikiria magari ya watu wengine.

"Hakuna pa kuandika 'bado nafikiri'?"

"Hakuna. Kuna hayo matatu."

"Basi niache. Usiniandike."

"Kwa hiyo ibaki mia?"

"Ibaki."

Msichana alipoondoka, Fundi alijaribu kuendelea peke yake. Alishika chuma kwa mkono wa kushoto, nyuma ya bati, na nyundo kwa wa kulia, akajipinda ubavuni mwa gari kama anayejikuna mgongo. Alifanikiwa kunyoosha sehemu ndogo, ya upana wa kiganja. Zaidi ya hapo mkono haukufika.

Simu ya Breki ilianza kulia ndani ya basi. Yeye hakuamka. Fundi alinyoosha mkono dirishani, akaichukua. Alikuwa mwenye shule, amerudi mapema.

"Basi langu liko wapi?"

"Liko gereji, mzee. Mimi ndiye fundi."

"Dereva?"

Fundi alimtazama shemeji yake, aliyekuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja bado usukanini. "Yumo ndani ya basi," alisema. "Gari halijaisha."

"Litaisha lini?"

"Kesho."

"Nitakuja mwenyewe asubuhi. Nataka kuona kilichotokea."

"Karibu, mzee. Uje na nguo za kazi."

Aliirudisha simu kwenye kiti. Barabarani sauti za watoto zilikuwa zimeanza kusikika, nyingi, za watu wanaoona kutembea kama sherehe. Mstari ulipita mbele ya gereji, wawiliwawili, mkewe mbele, Mwalimu katikati akiwa amebeba mabegi matatu ambayo hayakuwa ya mjukuu wake. Binti yake alichungulia ndani, akaona basi limeinama, akaona mjomba amelala.

"Baba, basi linaumwa?"

"Kidogo."

"Na mjomba?"

"Naye kidogo. Nenda na mama, nakuja."

Mkewe hakugeuka. Fundi aliutazama mgongo wake mpaka akakata kona, akajua kwamba mazungumzo yangekuwepo mezani kabla ya chakula.

Jua lilikuwa bado juu, muda wa kazi ulikuwepo, ila mtu wa kushika chuma hakuwepo. Akavuta turubai, akaifunika madigadi na taa yake inayoning'inia, akaacha dirisha la dereva wazi ili hewa iingie. Akaweka jiwe kwenye kila ncha. Halafu akachukua chaki na kuchora duara kwenye turubai, mahali alipoishia, pa kuanzia kesho.